Kisu Nilichomficha Baba

Nilikinunua Mwingi, kisu cha kukunja chenye vifaa vingi, katika duka linalotazama barabara ya Garissa, mwezi nilipopokea mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyevaa kofia nyeupe, alikikunjua mbele yangu pole pole: kisu kikubwa, kisu kidogo, msumeno mfupi, bisibisi, kifungua mkebe, na kitu fulani kilichochongoka ambacho yeye mwenyewe hakujua kazi yake. "Huyo unampelekea atajua," aliniambia. Baba alijua kabla sijamaliza kumsalimia. Alikigusa kile chenye ncha, akasema ni cha kutobolea ngozi, akavua kiatu chake akaanza kukishona hapo hapo, mimi nikiwa bado nimesimama na mkoba begani.

Ninaanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo nzuri. Mimi ndiye niliyempa baba kisu na mimi ndiye niliyemnyang'anya, na hilo la pili nilifanya kwa hila, akiwa amelala. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili kwa mpangilio.

Kwetu ni kwenye mteremko ulio chini ya Nunguni, upande wa Makueni wenye baridi na ukungu wa asubuhi. Baba aliishi kwa kupandikiza maparachichi. Unakata shina changa la mti wa kienyeji, unalipasua katikati, unachonga kijiti cha mti wa aina bora mpaka kiwe kabari, unakichomeka, unafunga kwa utepe wa nailoni, halafu unangoja. Ukisikia hivyo unadhani ni rahisi. Likizo moja nilijaribu miche kumi na miwili na yote ikakauka. Baba aliikagua mmoja mmoja, akasema mwalimu ameifundisha mpaka imechoka. Yake ilishika karibu yote. Alisema ni lazima ukate mara moja tu, kwa makali yasiyosita, kwa sababu ukirudia mti unakasirika. Kwa hiyo alinoa kisu kila asubuhi kwenye jiwe la nyuma ya jikoni, hata asubuhi ambazo hakuwa na mche wa kukata.

Mama alikitengenezea uzi wa katani, aliousokota pajani kama anavyosokota nyuzi za vyondo, vikapu vyake vya kusuka. Upande mmoja ulifungwa kwenye kisu, wa pili kwenye kitanzi cha suruali ambamo mkanda hupita. Akibadilisha suruali, kisu kilihama naye. Watu wakija kukiazima aliwajibu, "Kisu haiazimwi. Mniazime mimi." Basi walimwazima yeye. Aliziba dumu za maji zilizotoboka, akiupasha ubapa moto jikoni na kuyeyusha plastiki juu ya tundu. Alifungua redio, alikata kwato za mbuzi zilizopinda, alichonga mpini wa jembe mpaka ukakaa. Jumapili moja miwani ya pasta ilimwaga skrubu katikati ya mahubiri, na kioo kimoja kikaanguka. Pasta akajaribu kusoma Neno kwa jicho moja. Baba aliinuka kwenye benchi la tatu, akavuta kijiti kwenye ufagio uliosimama ukutani, akakichonga, akakipitisha kwenye bawaba ya miwani na kukata kilichozidi. Kanisa zima lilingoja. Pasta aliposoma mstari wake watu walisema amina, na hadi leo sijui amina ile ilikuwa ya mstari au ya miwani.

Jambo moja zaidi kuhusu baba. Nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu Wakamba kwa binti wa kwanza, kwa hiyo tangu utotoni aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Alinituma chumvi akiniita mama yangu, na alinichapa akiniita mama yangu. Mimi nilimwita Nau, baba yangu. Tulikuwa tunaheshimiana hivyo, wazazi wawili katika nyumba moja, na mama mzazi akitucheka.

Halafu akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa siku za juma na majina ya wajukuu, na sisi tukasema ni uzee tu. Mwaka jana nilifunga shule Agosti, nikatoka Migwani ninakofundisha, nikafika nyumbani na kukuta nguzo nne za ua, miti mikavu iliyochimbiwa ardhini miaka mingi, zimepasuliwa juu, zimechomekwa vijiti vya parachichi na kufungwa nailoni kwa ustadi wake wote. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Baba aliniuliza ninacheka nini, na alipoona siachi akacheka pamoja nami. Mama hakucheka. Ninapokumbuka hilo sasa ninaona haya.

Wiki hiyo hiyo alikata bomba la jirani. Aliona unyevu chini yake, akadhani linavuja, akalikata ili alitengeneze, kisha akaondoka kwenda kunywa chai. Tangi la jirani lilimwagika lote, na ulikuwa msimu wa kiangazi. Jirani alikuja asubuhi akaniita kando.

"Mwalimu, mimi mzee namheshimu na wewe nakuheshimu," alisema. "Lakini hiyo maji ilikuwa ya ng'ombe ya wiki mzima. Hiyo kisu mtoe, ama mimi niende kwa chifu."

Nilimjibu vibaya. Nina hasira za karibu, mama husema nilizaliwa nazo, na sikupenda kusikia baba akitajwa pamoja na chifu. Lakini siku mbili baadaye nilimkuta baba chini ya mti, kiganja cha kushoto kimepasuka, na alikuwa amekifunga kwa utepe wa nailoni jinsi anavyofunga mche, mzunguko juu ya mzunguko, damu ikitoka chini ya utepe. Nilipomuuliza imekuwaje aliniambia, kwa upole, kwamba utashika ukikaa wiki tatu bila kuguswa. Nilimsafisha, nikamfunga bendeji. Kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi, akasema, "Toa hiyo kisu kabla hajajimaliza," na ilikuwa rahisi kwake kusema, kwani mikono ya kukitoa haikuwa yake.

Nilingoja mpaka saa nane mchana. Baba alikuwa amelala kwenye kiti chake nyuma ya jikoni, mdomo wazi, mkono wenye bendeji kifuani. Nilijaribu kufungua fundo la mama, lakini mafundo ya mama hayafunguki. Basi nilikikunjua kisu na kuukata uzi kwa kisu chenyewe. Ulikatika mara moja, kwa sababu alikuwa amekinoa asubuhi hiyo. Nilikifunga ndani ya leso, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda kuchambua maharagwe na mama. Mama sikumwambia. Hajui kudanganya, na nilijua angeulizwa.

Alipoamka mkono wake ulikwenda kiunoni kabla macho hayajafunguka vizuri. Akakigusa kipande cha uzi kilichobaki, akakitazama, akakizungusha kati ya vidole.

"Umeona kisu, Mwaitu?"

"La, Nau. Labda imeanguka kule mtoni."

Alinitazama mimi sasa. "Labda," alisema.

Hakwenda mtoni kukitafuta. Wakati huo niliona ni bahati yangu.

Niliporudi Migwani niliweka kisu kwenye droo ya meza yangu darasani, nikijiambia kiko salama huko. Haikupita wiki nikaanza kukitumia. Kwanza nilichonga penseli ya mtoto mmoja, kisha darasa zima likapanga foleni. Nilikaza bawaba ya kabati, nikafungua boksi la chaki, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli kufungia bomba la tangi la shule lililokuwa likivuja. Walimu wenzangu walianza kuniita fundi, wakinitania kwamba nilikosea kuchagua kazi. Nilifurahia jina hilo. Ninaliandika hapa kwa sababu ni kweli: baba alikuwa ameketi nyumbani na mikono mitupu, na mimi nilikuwa nafurahia kuitwa fundi kwa kisu chake.

Nyumbani alizidi kunyamaza. Mama alinieleza kwenye simu kwamba siku hizi baba anakaa tu, anasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, kama mtu anayejaribu makali. Watu waliacha kuja na dumu zao. Mtu mmoja alileta redio, akaangalia kiuno cha baba, akaona hakuna kitu, akasema atakuja siku nyingine. Ninajua tulikuwa na sababu. Kile kiganja nilikisafisha mwenyewe. Lakini ningeweza kukaa naye. Ningeweza kumpa kisu mkononi Jumamosi moja, na mche mmoja, nami nikashikilia shina huku nikiyaangalia makali. Hakuna daktari ambaye angenikataza hilo. Kilichonikataza ni kwamba nilikuwa nimemdanganya, na kukitoa kisu kungekuwa kukiri uongo mbele ya baba yangu.

Nilikwenda nyumbani mara tatu baada ya hapo. Kila mara nilikibeba kisu kwenye mkoba, nimeapa njiani kwamba leo. Kila mara baba alinipokea akiwa kwenye kiti chake, na alisahau mengi lakini mimi hakunisahau.

"Mwaitu, umefika na nini?"

"Sukari, Nau."

"Hiyo tu?"

"Na mkate."

Alitikisa kichwa, akauangalia mkoba, akanishukuru. Nilidhani ni uroho wa wazee, nikamtania kwamba siku hizi anapenda mkate kuliko mwanawe. Jumapili mchana niliaga nikaondoka, kisu kikiwa bado ndani ya leso.

Oktoba, nikiwa darasani, mama alinipigia. Baba alikuwa amekohoa siku nne na hawakutaka kunisumbua katikati ya muhula. Alikuwa ametutoka asubuhi ile, kabla ya chai. Niliwaambia watoto wachukue vitabu vyao wasome kimya, nikatoka nje nikashika ukuta. Siku saba baadaye tulimzika chini ya maparachichi yake, pasta akiwa amevaa miwani mpya. Kisu nilikuwa nacho kaburini. Nilifikiria kukitupa ndani pamoja na udongo, lakini watu walikuwa wengi na niliogopa wataniuliza nilikitoa wapi. Hata siku hiyo niliendelea kudanganya.

Siku mbili baada ya mazishi mama aliamua nguo zigawanywe. Koti zito la baba, lile la baridi, lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa sebule. Aliniambia nilitoe nimpelekee jirani wa bomba, maana alilia sana kaburini. Niliingiza mkono mfukoni kuangalia kama kuna kitu. Mfuko ulikuwa mtupu. Lakini chini kabisa, pale ambapo zamani palikuwa na tundu lililomeza sarafu zetu zote za utotoni, vidole vyangu vilikuta mshono mnene.

"Nani ameshona huu mfuko?" niliuliza.

"Ni mimi," mama alisema. "Ni yeye aliniambia nishone. Wakati ule kisu ilipotea."

Aliendelea kukunja shati alilokuwa nalo mkononi. Kisha akaliweka chini.

"Alijua," alisema. "Siku hiyo hiyo alinionyesha uzi. Akaniambia, angalia, hii haikukatika, imekatwa. Na imekatwa mara moja. Hakuna kisu ingine hapa kwetu inakata hivyo. Nikamwambia basi nikuulize. Akakataa kabisa. Akasema nisikuaibishe, Mwaitu ana sababu yake, akimaliza hasira ataileta mwenyewe."

Niliketi, koti likiwa mapajani.

"Kila Jumapili ukishaenda," mama alisema, "alikuwa anasimama hapo mlangoni anaingiza mkono kwa hiyo koti. Alisema utaona haya kumpatia kwa mkono, utamwekea hapo. Siku ya kwanza akapata mfuko imetoboka. Akaniambia shona, kisu ikirudi isianguke ipotee kweli. Hata uzi ni yeye alinipatia. Ni ule ulibaki kwa suruali."

Nililigeuza koti nikautazama mshono kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa uzi wa katani, ule ule, na ncha yake moja ilikuwa imekatwa laini, bila kusita. Nililia kwa sauti, nikiwa mtu mzima, mwalimu, mbele ya mama yangu, na yeye hakunibembeleza wala hakunilaumu. Alingoja tu nimalize.

Nikafungua mkoba, nikakitoa kisu kwenye leso, nikakitia ndani ya mfuko ule. Mshono ulikishika. Nilikuwa nimechelewa kwa siku tisa.