Rangi Yangu ya Kucha Kwenye Gunia la Sumaku

Rangi yangu ya kucha niliikuta ndani ya gunia la vyuma chakavu, kazini, miezi michache baada ya kumzika mume wangu.

Najua inavyosikika. Tulia nikueleze.

Mimi ni mtafiti wa zege. Ndiyo, zege hili hili la kumwaga sakafu. Ila sisi tunalichanganya na sumaku iliyosagwa, tupate barabara inayochaji magari ya umeme yakiwa yanapita juu yake, bila waya wowote. Koili za shaba zinalala chini, na zege la sumaku linaelekeza nguvu ya koili hizo juu kwenye gari, isipotelee ardhini.

Watu wakisikia hucheka. Shemeji yangu alishawahi kuniuliza kama masufuria ya wapita njia hayatanasa barabarani.

Sumaku zenyewe hatununui mpya. Zinatoka kwenye spika mbovu, anazing'oa na kutuletea mnunuzi wa vyuma chakavu tuliyembatiza Mzee Kutu.

Sasa, mume wangu alikuwa fundi wa redio na spika. Kila spika aliyoitengeneza aliitia tone la rangi mgongoni, juu ya sumaku, ili mteja akirudi na malalamiko ajue kama ile ni kazi yake au ya fundi mwingine.

Rangi alikuwa anaiiba kwenye vipodozi vyangu. Zambarau. Nilimsema mpaka nikachoka.

Moyo wake uliugua muda mrefu, kisha ukasimama. Alifariki mchana, mimi nikiwa nimepanga foleni ya dawa zake.

Sikulia. Watu walikuwa wananitazama wakisubiri nilie, nami nikawa nawatazama wao. Nilikula nilipoambiwa nile, nikalala nilipoambiwa nilale.

Msiba ulipokwisha nikaenda kwenye karakana yake. Sikuwa nimefika pale tangu azidiwe.

Tupu.

Rafu zilizokuwa zimejaa spika ambazo wateja hawakuzirudia zilibaki na vumbi tu. Na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja, mama mkwe.

Dada yangu akasema, "Ameuza huyo. Mwanawe hata hajapoa kaburini, yeye ameshauza."

"Labda."

"Labda nini? Kamuulize."

Sikwenda. Wala sikumchukia. Kuchukia kunataka nguvu, na mimi nguvu sikuwa nazo. Niliacha tu kumpigia simu. Akipiga yeye, naiangalia simu mpaka inanyamaza. Akapiga, akapiga, mwisho naye akaacha.

Nikarudi kazini. Ndipo siku hiyo nikafungua gunia, nikalimwaga mezani nianze kuchambua.

Sumaku ya kwanza ina tone la zambarau.

Ya pili pia.

Nikazigeuza zote. Gunia zima lilikuwa la mume wangu.

Mkuu wetu wa utafiti, tunamwita Daktari, akapita nyuma yangu. "Vipi, zina gundi nyingi?"

"Hapana."

"Basi saga. Bamba la majaribio lazima limwagwe wiki hii. Tukichelewa tena, hii maabara wanatufungia."

Ningeweza kumwambia. Ningeweza hata kuficha moja mfukoni, nani angejua?

Nilivaa barakoa, nikawasha mashine, nikazitia moja moja. Ukatoka unga mweusi. Nikaupima, nikauchanganya na saruji, kokoto na maji. Nikafanya yote kama siku nyingine yoyote ya kazi, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Zege likakauka. Siku ya majaribio gari likasogezwa juu ya bamba, pale uani. Tukawasha koili.

Taa ya kuchaji ikawaka.

Wenzangu wakakumbatiana. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nikaendelea kusoma vipimo kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Mzee Kutu alikuwa ameleta mzigo mwingine, akawa amesimama kando anatazama. Akanisogelea.

"Pole sana na msiba, mama. Fundi angefurahi kuiona hii."

"Kwani ulimjua?"

"Si ndiye aliyenipa zile spika? Alikuja mwenyewe kabla hajalazwa. Anatembea, anapumzika, anatembea, anapumzika. Akaniambia, 'Mke wangu kila siku analalamika sumaku hazitoshi. Hizi ng'oa umpelekee yeye, usiuze kwingine. Na usimwambie, atakataa.' Kung'oa ndiko kulikonichelewesha."



"Alikuja peke yake?"

"Wapi! Hakuwa na pumzi hata ya kubeba kiberiti. Magunia alibeba mama yake."

Niliaga, nikaondoka na koti langu la maabara mwilini.

Mama mkwe nilimkuta uani kwake anaanika nguo. Amekonda, na nguo zote kwenye kamba zilikuwa za mtu mmoja.

"Karibu," akasema, kama vile tuliachana jana.

"Mama, spika zile. Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha nisiseme akiwa hai. Alipoondoka nikasema sasa nikwambie." Akabana gauni kwenye kamba. "Nikapiga simu."



Nikakaa kizingitini. Nilidhani sasa machozi yatakuja. Hayakuja.

"Mwingine sina," akasema, bado amenipa mgongo. "Yeye alipokwenda, nikajipa moyo kwamba wewe upo. Kisha na wewe ukanyamaza."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa sisikii kitu."

"Unafikiri mimi nilikuwa nasikia?"

Nikainuka, nikachukua nguo zilizobaki kwenye beseni, nikaanza kuanika. Akasogea kunipisha kwenye kamba. Tukamaliza pamoja, tukaingia ndani.

Mpaka leo sijalia. Lakini nikitoka kazini napita kwake, tunakaa, siku nyingine hatuzungumzi kabisa mpaka naondoka.

Wewe unayesoma, labda uko pale nilipokuwa mimi. Kufa ganzi si kosa, usione haya. Ila usidhani umefiwa peke yako. Mfiwa mwenzako akipiga, pokea. Usipokuwa na la kusema, mwambie sina la kusema.

Mradi asikie upo.