Kilichozidi Ndani ya Mji wa Mimba

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hata leo, nikiwa hapa Amu na mvi zangu, huikumbuka kila nisikiapo mtu akiitwa mwongo.

Nilikuwa nasoma chuo kikuu huko bara. Tulichunguza namna estrojeni, homoni ya kike, inavyouamsha mji wa mimba. Tuliwapa panya homoni hiyo, kisha tukapima kama seli za mji zimeanza kutengeneza RNA, yaani nakala za maagizo ambazo seli huzifuata ikijikuza. Tulitia malighafi ya RNA yenye alama ya mionzi. Alama ikizidi, tulisema RNA mpya imezidi.

Kipimo changu kilipanda mapema mno, na siku hiyo nilikuwa peke yangu maabara. Basi wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba nimezibuni namba. Mmoja alianza kufungia sampuli zake kwa kufuli. Nikapata habari kwamba wanataka nifukuzwe. Nami nikawashuku wao: nani aliyegusa chupa zangu? Dhana mbaya, mwanangu, ni mchwa. Hula boriti huku chokaa ya nje ingali nyeupe.

Mwalimu wetu, Bi Rukia, mzaliwa wa Pate, alituita sote. Hakuniuliza kama nimedanganya. Aliniamuru nirudie kipimo mbele yao, na alama ikapanda vile vile. Ndipo akasema polepole:

"Mwamshuku mtu kabla hamjaishuku hesabu. Hiyo si ndia ya kuifikia kweli. Huenda homoni imefungua mlango wa seli tu, malighafi ikaingia kwa wingi. Alama imezidi, RNA je?"

Tukapima malighafi iliyokuwamo ndani ya seli. Kweli, ilikuwa imejaa. Tulipoitoa katika hesabu, sehemu kubwa ya ongezeko langu ikayeyuka. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini cha kweli. Nilihuzunika na kushusha pumzi kwa pamoja. Yule wa kufuli alikuja kuniomba radhi. Nilimpa mkono, ingawa moyo ulikawia kuufuata.

Basi nakuusia: jambo litilie shaka, hasa likikupendeza. Pima tena, uulize ni kipi hasa kilichozidi. Lakini mtu usimhukumu kwa dhana, kwani tumefunzwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi.

Mola akujaalie jicho kali na ulimi wa pole, akukinge na kuonewa, na zaidi akukinge na kuonea. Amin.