Msiba wa Chupa ya Insulini

Insulini ilipoadimika mjini, akiba pekee ya mama yangu, chupa moja ambayo haijafunguliwa, ilikuwa kwenye friji la jirani yetu huku Gongo la Mboto. La kwetu lilikufa zamani, tukaligeuza kabati la vyombo. Jirani ni Mnyamwezi, anatengeneza barafu za ukwaju na ubuyu, na maduka mengi ya kuanzia kwetu hadi Ukonga huchukua mzigo kwake. Sie ni Wazaramo. Kwa hiyo yeye na mama ni watani, na tangu nipate akili sijawahi kuwasikia wakisalimiana bila kutukanana.

Mie sikuwa na imani na utani. Chuoni nilisoma kwamba huu wa kwetu ulitokana na misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka pwani. Wapagazi wamekwisha, nikajiuliza, mzaha unaendelea wa nini? Ndivyo nilivyo. Hata kwenye duka la dawa, nilipoambiwa insulini haijaingia, niliuliza kwa nini. Waagizaji wanakosa dola. Kwa nini? Wafadhili wamejitoa. Na kwa nini nchi nzima itegemee friji la jirani?

"Sista," muuzaji akasema, "kuna watu nyuma yako."

Asubuhi moja nilikwenda kuichukua ile chupa, maana aliyokuwa akiitumia mama ilikuwa inakaribia kwisha. Niliikuta imeganda kama jiwe. Jirani alikuwa ameihamishia kwenye friza, katikati ya barafu zake.

"Umeme unakatikakatika," akanieleza kwa fahari. "Nikaona nimuwekee mtani wangu kwenye baridi ya uhakika."

Kwa mtu anayeishi kwa barafu, kugandisha ndiyo kutunza. Lakini insulini iliyoganda imekwisha, hata ikiyeyuka haifai. Nilishindwa kumwambia. Nikaipeleka nyumbani.

Mama aliigeuzageuza mkononi.

"Tutafute friji lingine," nikasema, "na yeye tusimwambie. Ataumia."

"Akiumia peke yake ndiyo vibaya," mama akajibu.

Akajitanda khanga kichwani, akaiweka chupa kwenye kisahani, akatoka uani akilia kilio cha msibani.

"Jamani njooni! Mnyamwezi kaniulia! Dawa kaigandisha kama ubuyu, haifai tena!"

Wapangaji wakatoka, mmoja na povu la dawa ya meno mdomoni. Jirani alisimama mlangoni kwake akiwa na mwiko. Niliuona uso wake ukibadilika alipoelewa alichofanya, nikadhani atalia kweli. Kisha akavuta pumzi.

"Kufa tu, Mzaramo wee! Nije nile ubwabwa wa matanga!"

"Huli! Unalipa kwanza!"

"Nalipa. Hebu funga domo nipige simu."

Akapigia maduka yote yanayouza barafu zake, akiuliza kama kuna mteja mwenye sukari anayetumia dawa ya aina hii, huku mie nikimsomea jina la kwenye chupa. Kabla ya adhuhuri simu ikarudi kutoka Ukonga: kuna mzee, mteja wa dukani, anazo mbili hazijafunguliwa.

Nilikwenda mbio. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akanipa moja, ameifunga kwenye mfuko na kuitumbukiza ndani ya chupa ya chai yenye maji ya baridi.

"Zikija, mtanirudishia," akasema. "Leo mama yako, kesho mie."

Niliporudi nikasoma jina, aina, tarehe ya mwisho, nikalinganisha na ya mama, nikasoma tena.

"Profesa, imefaulu?" jirani akauliza. Hakuwa akitania sana.

"Imefaulu."

Akaondoa nyanya zake mlangoni mwa friji, akaiweka chupa pale peke yake, mbali kabisa na friza. Faini ya utani akailipa kwa barafu za ukwaju, na kwa kuwa mama haruhusiwi, zote zikawa zangu.

Nilikaa kizingitini nikizimung'unya. Swali la dola bado nilikuwa nalo, la wafadhili pia, na hadi leo sijaridhishwa na jibu la yeyote. La wapagazi nimeliacha.

"Mtani!" jirani akaita kesho yake asubuhi. "Bado hujafa tu?"

"Nakusubiri utangulie," mama akajibu, akavaa ndala zake, akaenda kuchukua dawa.