Nyumba Niliyoijenga Nyuma ya Duka la Kijiji

Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa namna ambayo ingeniacha na heshima kidogo, nikashindwa, kwa hiyo naisimulia kama ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke tangu sasa.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, katika kijiji chetu cha ujamaa huku upande wa Bugarama. Malori mengi yalikuwa yamechukuliwa kwenda mbele, na sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya kusubiriwa kama mvua. Mimi kazi yangu ni kutengeneza baiskeli. Shule sikwenda mbali, mengi nimejifunza mwenyewe kwa kusoma, na mtu aliyejifunza mwenyewe ana ugonjwa mmoja: anataka kila jambo liwe na utaratibu. Hata kuwashuhudia watu imani yangu nilikuwa nimejiwekea utaratibu. Sikuwa mhubiri wa kusimama sokoni na kupaza sauti. Niliamini (na bado naamini) kwamba Habari Njema hupita vizuri zaidi katika mazungumzo ya kawaida, mtu na jirani yake, huku mnapukuchua mahindi au mnaziba pancha.

Jirani niliyekuwa nikimwombea kuliko wote alikuwa Mzee Kagoma. Watu walipohamishiwa vijijini yeye aliacha migomba aliyoipanda baba yake, akaletwa kando ya barabara kwenye kiwanja kisicho hata na kivuli, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia neno la mtu yeyote aliyesema anamletea habari njema. Nilipojaribu kuanza mazungumzo alikuwa akinijibu, "Andrea, habari njema ya mwisho kuletewa ilinihamisha nyumbani kwangu." Sasa mtu kama huyo unamjibu nini?

Asubuhi ya mkasa huu zilikuwa zimevuma habari kwamba lori litafika. Zamu yangu ya shamba la kijiji ilikuwa mchana, nikaona niwahi dukani. Kufika mlangoni, hakuna mtu wala kitu! Nikaweka kikapu changu pale mlangoni, mimi wa kwanza, nikamshukuru Mungu (mapema mno, kama mtakavyoona), nikazunguka nyuma ya duka kutafuta kivuli.

Nyuma nikamkuta Mzee Kagoma amekaa kwenye gogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. Binti yake alikuwa amejifungua, akaniambia, na mkewe alikuwa huko kwa mzazi; uji wake hauna sukari, ndiyo maana yeye mwenyewe amekuja. Kisha akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelingoja muda wote tuliokuwa majirani. "Hebu niambie, Andrea. Wewe nawe ulihamishwa kama mimi, na migomba ukaiacha. Mbona huna uchungu? Umesimama juu ya nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoharibu. Ningemjibu kwa mdomo tu, kama mtu mwenye akili, nisingekuwa na cha kuwasimulia leo. Lakini nikafikiri, huyu ni mtu wa mikono, maneno ameshachoka nayo, nimwonyeshe. Na pale kando ya ukuta palikuwa na mawe yamepangwa mstari mzuri, makubwa kwa madogo. Nikajua ni mawe ya kupamba njia, maana siku hizo kila ofisi na kila duka la kijiji lilipangiwa mawe kandokando kila iliposemekana viongozi watapita. Nikaanza kuyaokota.

Nikachukua la kwanza, jiwe bapa, nikaliweka msingi. "Bwana Yesu alisimulia watu wawili waliojenga nyumba, mzee. Huyu wa kwanza alijenga juu ya mwamba." Nikapanga mengine juu yake. Kisha nikafanya kichuguu cha mchanga, nikajenga nyumba ya pili. Nilijenga vizuri, nakiri, na kona zilikaa sawa. Mzee alitazama kwa makini kabisa bila kunikatiza, nami nikaona Roho anafanya kazi.

"Mvua ikanyesha, mito ikafurika," nikasema, na kwa ajili ya mito nikapiga teke ile nyumba ya mchangani, mawe yakaruka huku na huku mpaka kwenye majani.

Hapo hapo tukasikia lori linakata kona, na wanawake wakaja mbio kutoka shamba la kijiji, majembe begani, wakiongozwa na Mama Sofia, jirani yangu wa upande wa pili, ambaye mdomo wake hauhitaji kengele. Akasimama. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi, nikiwa bado mguu mmoja mbele.

"Baba Rebeka! Foleni yetu iko wapi?"

"Foleni gani, mama?"

"Mawe! Mawe yetu! Tumeyapanga alfajiri kabla ya kwenda shamba!"

Desturi hiyo naijua kama ninavyoijua minyororo ya baiskeli: mtu huweka jiwe lake katika mstari, huenda kazini, na jiwe humsimamia. Ila mstari siku zote huanzia mlangoni. Siku hiyo mwenye duka alikuwa ameuhamishia nyuma ili lori lipate kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na mimi sikuuliza mtu.

"Langu lina ufa, liko wapi?"

"Hilo hapo, amelifanya dirisha!"

"Jamani, mhubiri ametujengea kanisa kwa foleni yetu!"

Nikamgeukia Mzee Kagoma. "Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani balozi wa nyumba kumi amekutuma uyapange upya," akasema kwa upole. "Si wewe kila kitu unakipanga?"

Ningefurahi kama aibu ingeishia hapo. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka mbele, "Njooni muone! Kikapu chake kiko peke yake mlangoni!" Wakanitazama wote, na sasa hawakuwa wanacheka. Nikaelewa wanavyoiona: nimebomoa foleni ya kijiji kizima ili niwe wa kwanza. "Kumbe Injili yako ni ya sukari!" akasema Mama Sofia, na neno hilo liliniingia, maana nyuma yangu alikuwa amekaa mtu niliyetaka aiamini.

Balozi mwenyewe akafika, akaamuru kikapu changu kiende mwisho, kisha kila mtu amtaje aliyekuwa mbele yake. Wanawake wakatajana vizuri, huyu alimfuata yule, mpaka mbele kabisa akasimama Mama Sofia. Mzee Kagoma hakutajwa na yeyote. Mkewe alikuwa ameweka jiwe gizani peke yake akakimbilia kwa binti yake, na mzee mwenyewe hakujua ni lipi.

"Huna shahidi, mzee," balozi akasema. "Nenda mwisho." Na wote tuliona mifuko iliyoshushwa: mwisho maana yake ni kurudi mikono mitupu.

Mimi nilikuwa najua. Jiwe bapa, la kwanza kabisa, lilikuwa limetangulia mengine yote kando ya ukuta, na ni mimi niliyelichukua. Lakini kulisema ni kukiri kwamba niliuona mstari ule, nikaona ulipoanzia na ulipoishia, na nani sasa angeamini habari ya mawe ya mapambo? Nikasogea mbele ya balozi. Kisha nikasema.

"Balozi, mawe niliyaona yamepangwa. Nilidhani ni ya kupamba njia. Mbele ya yote lilikuwa bapa, lile la msingi. Kama hakuna aliyelidai, ni la mke wa mzee."

Ah, kelele! "Kumbe aliona!" "Mapambo? Mwambie mtoto!" Niliinama kama mwizi wa kuku. Balozi akanyoosha mkono watu wanyamaze, akamtazama Mama Sofia.

Mama Sofia alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, kwa kuwa yeye ndiye angesogea nyuma. Akaguna, akaikung'uta kanga yake. "Bapa nililikuta," akasema. "Nilipoweka langu lilikuwapo. Mpite, mzee." Kisha akanigeukia: "Wewe sijakusamehe."

Mzee Kagoma alipata sukari. Mimi nilirudi na kikapu kitupu na jina jipya, Mjenzi, ambalo watoto waliniimbia mpaka nyumbani, na mke wangu alipouliza kulikoni nikamwambia angoje, atasikia kwa majirani.

Jioni yake jua likiwa bado juu, Mzee Kagoma akaja karakanani kwangu. Sikujua nianzie wapi kumwomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Ile nyumba ya kwanza," akasema, "wale wanawake waliibomoa hujanimalizia. Mvua ilipokuja, ilisimama?"

"Ilisimama, mzee."

"Basi nieleze." Akavuta kigoda, akakaa. Nami kwa mazoea nikanyoosha mkono kuchukua spana na gurudumu nimwonyeshe, naye akanishika kifundo cha mkono. "Hapana, Andrea. Mikono weka mapajani. Nieleze kwa mdomo."

Nikaiweka mapajani, na tangu siku hiyo, kila ninapomsimulia mtu habari za Bwana wangu, hapo ndipo inapokaa.