Figo Aliyoila Mama

Mama yangu alikuwa mbishi, na ubishi wake nimeurithi mzima mzima, sikuacha hata chembe. Ndiyo maana siku ile tulipoanza kukoromeana kwa Kisafwa mbele ya daktari, katika wodi ya watoto ya hospitali ya misheni kule Iringa, manesi wenzangu waliacha kazi wakasimama kututazama.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili wa kusomea unesi. Miaka ile ya hamsini, msichana wa milima ya Mbeya aliyevaa gauni jeupe lililopigwa pasi alikuwa mtu, jamani, msicheze. Nilitembea pua juu. Nilikuwa nimesoma mwili wa binadamu kwa michoro ya ubaoni, na nikienda nyumbani likizo niliwasumbua wote: chemsheni maji, kateni kucha, mtoto asilale na mbuzi. Mama alikuwa akiniitikia, "Ndiyo, daktari," kisha anageuza uso acheke vizuri.

Basi siku hiyo akaniletea mdogo wangu wa kike, mwenye miaka tisa. Walikuwa wamesafiri siku mbili. Lori lililowachukua Chimala liliwashusha Ipogolo, halikuwa linapanda mjini, kwa hiyo mama alimfunga mgongoni yule mtoto mkubwa, kama vile ni wa miezi mitatu, akaupanda mlima wote kwa miguu. Alipofika aliniuliza kwanza kama nimekula. Ndivyo alivyokuwa.

Mtoto alikuwa na homa, akikojoa analia, na chini ya kitovu alikuwa na uvimbe mgumu unaoshikika kwa mkono. Daktari wetu, mzee wa kutoka ng'ambo aliyesema Kiswahili cha pwani kuliko sisi, aliubonyeza taratibu, akauliza maswali, akaubonyeza tena. Kisha akaniambia nimweleze mama kwamba uvimbe ule huenda uko kwenye kizazi, na kwamba akishaituliza homa kwa sindano, Ijumaa asubuhi atampasua autoe.

Nikamweleza. Mama akasema, "Mwambie asiguse figo ya mtoto. Anayo moja tu. Ya pili niliila mimi."

Salaala! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikuelezeni. Baba alikuwa mchinjaji, na kwetu figo ya mbuzi ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na sheria zake, na mojawapo ilisema mwanamke mwenye mimba haonji figo kabisa, maana akiila amekula ya mtoto aliye tumboni. Sasa mama, mimba ya mdogo wangu ikiwa ya miezi saba, kubwa kiasi cha kushindwa kuinama shambani, alishikwa na hamu ya figo mpaka akaikosea usingizi. Siku moja baba alipochinja, aliichomoa moja, akaichoma nyuma ya jiko na chumvi. Nilimfumania. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Alinikatia kipande ili nifunge mdomo, nami nikafunga, kwa sababu kilikuwa kitamu sana. Bibi aliambiwa mbwa kaichukua, na mbwa alipigwa.

Mdogo wangu alipozaliwa akawa mtu wa kuugua ugua. Mama alimlea kama yai. Hakumtwika ndoo, hakumwinulia fimbo, nyama nzuri yote ilikwenda kwenye bakuli lake. Mimi niliona wivu, nikasema mama ana upendeleo. Sikujua kwamba miaka yote ile alikuwa anamwomba mtoto msamaha.

Daktari aliniuliza, "Mama anasema nini?"

"Anashukuru," nikasema.

Mama hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, lakini neno la kushukuru alilijua vizuri sana. "Sijashukuru mimi!" akanirukia kwa Kisafwa. "Mwambie nilichokuambia!"

"Siwezi kumwambia mambo ya bibi, mama. Atatucheka."

"Acheke! Umevishwa nguo nyeupe unaona aibu ya mama yako?"

Ndiyo, niliona aibu. Nasema wazi, sina cha kuficha na uzee huu. Nilikuwa nimepigana sana nionekane msomi, na sasa mama anataka niseme mbele ya daktari kwamba mtu anaweza kumla mwanawe figo kwa kutafuna ya mbuzi. Nikamwambia daktari kwamba mama anaogopa kisu tu, kama kina mama wote. Akamshika bega, akasema, "Usihofu, mama," akaenda zake. Mama hakuniongelesha tena mpaka Ijumaa. Chakula nilichompelekea alikigawa kwa wenzake wodini, wale wanawake wa Kihehe, huku namwona.

Ijumaa asubuhi tulimlaza mdogo wangu kwenye machela. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji tukamkuta mama amesimama katikati, mikono ameitandaza kwenye miimo yote miwili. Daktari alikuwa ameshanawa. Mama akamtazama machoni, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kununulia vitunguu: "Bwana Daktari. Mtoto hii figo moja. Ingine, mimi nakula. Wewe kata, mtoto kufa."

Daktari akanigeukia. "Anasema nini huyu? Tafadhali, sema yote."

Nikasema yote. Nilisema nikiwa nimetazama sakafu: mbuzi, bibi, nyuma ya jiko, mpaka kile kipande changu nikakitaja. Nilipomaliza nikangoja kicheko. Kikaanza kweli, kidogo, halafu kikakatika. Daktari akasogea kwenye machela, akaweka mkono pale kwenye uvimbe, akautuliza muda mrefu.

"Hivi," akasema, "kuna aliyeziona figo za mtoto huyu?"

Nani angeziona? Hatukuwa na sababu ya kuzitafuta.

"Mrudisheni wodini."

Jumatatu mdogo wangu alidungwa mshipani ile dawa inayokwenda kwenye figo na kung'aa kwenye picha ya eksirei. Daktari aliniita niione. Kulia chini ya mbavu, hakuna kitu. Kushoto, hakuna kitu. Chini kabisa, ndani ya nyonga, pale pale penye uvimbe, dawa ilikuwa imejaa inang'aa. Uvimbe wenyewe ndio ulikuwa figo, na hakuwa na nyingine.

"Ningeitoa Ijumaa," daktari akasema, "tungemzika kabla ya mwezi kwisha." Alisema polepole, bado anaitazama ile picha. Mimi nilikaa chini sakafuni na gauni langu la pasi. Niliwaza lile neno langu moja, anashukuru, na jinsi lilivyokaribia kumuua mdogo wangu.

Homa ilikuwa imekwisha kwa zile sindano. Lilikuwa tatizo la mkojo tu. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliketi na mama kwenye benchi la nje, nami nikatafsiri, safari hii neno kwa neno. Akaeleza kwamba figo za kila mtu huanzia chini, kwenye nyonga, mtoto akiwa mdogo kuliko punje ya haragwe. Kisha hupanda taratibu mpaka zifike chini ya mbavu. Ya mdogo wangu moja haikuchipua kabisa, na nyingine ilianza safari ikakwama njiani. Inafanya kazi vizuri hapo hapo ilipo, ataishi nayo, ila asipigwe tumboni, na siku akipata mimba awahi hospitali.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Kisha akasema, "Muulize zinapanda mwezi wa ngapi."

"Mimba ikitimiza miezi mitatu zimeshafika," daktari akajibu. "Zinaanza hata kabla mama hajajua kama ana mimba."

Nikamwona mama anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Akafika kwenye saba, akasimama.

"Muulize tena."

Nikauliza. Daktari akajibu vile vile, akaongeza kwamba mama hakukosa kitu, na kwamba bila yeye mtoto asingekuwepo.

Mama akanishika mkono wa gauni, akaukunja wote ndani ya kiganja chake. Kule uani mdogo wangu alikuwa anamkimbiza kuku wa watu, na kwa mara ya kwanza mama hakumpigia kelele aache kukimbia.

"Muulize tena," akasema.

Sikumuuliza daktari. "Si wewe, mama," nikamwambia. "Si wewe."