Siagi ya Mama Niliyoiharibu

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini nyumba yangu pale Same, ukiulizia mtu yeyote stendi, atakuonyesha. Nilianza kwa kubeba magunia ya mpunga Maore, mgongo ukachubuka mpaka nikanunua lori langu, kisha la pili. Injini, tofali, nyaya za umeme, vyote nimejifunza kwa kutazama. Ndiyo maana siku ile ya siagi sikuona sababu ya kumsikiliza mtu.

Ilikuwa siagi ya mama. Binti yetu alikuwa amejifungua na amekuja kukaa uzazi kwetu, na kwetu Upareni mzazi hanywi uji mtupu, hutiwa siagi. Mama anaishi milimani, juu ya Gonja, na ng'ombe wake wawili. Wiki za mwisho za ile mimba alisukasuka maziwa kwenye kibuyu kila alipopata nafasi, akaiosha siagi kwa maji ya baridi mpaka maji yakaacha weupe. Kule juu inakaa imeganda kama kipande cha sabuni. Majirani wote wenye mwanamke aliyejifungua walikuwa wakija kwake.

Nilipanda na gari kuichukua. Akanipa kopo na maagizo, akayarudia: iwekwe kwenye friji, mzazi achotewe kijiko ikiwa ngumu. Ikiyeyuka njiani, basi ipikwe samli kamili, moto mdogo, mpaka iache kulia na mashapo ya chini yawe kahawia, ndipo ichujwe. Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku natafuta funguo mfukoni.

Kufika Kisiwani, huku chini kwenye joto, siagi ilikuwa inacheza koponi kama maji.

Nyumbani hapakuwa na mtu, wote walikuwa kliniki na mtoto. Friji ilijaa soda za wageni, na mimi sikutaka kuzitoa, maana napenda mgeni afungue friji yangu aone imejaa. Nikaitia siagi sufuriani, nikawasha gesi. Ilipong'aa juu nikaona imeiva. Bado ilikuwa inalia, na chini weupe wa maziwa ulikuwa umetanda, lakini mafundi walinisubiri saiti ya ujenzi. Nikaimimina kwenye chupa vilevile bila kuichuja, ikiwa ya moto, nikakaza kifuniko, nikaiweka kabatini. Mke wangu aliporudi nikamwambia mama ameipika samli huko huko. Niliona haya, mwanaume mzima, kusema nimekaa jikoni.

Siku ya nne mke wangu akaifungua chupa, akageuza uso. Binti yangu akasukuma bakuli la uji, akasema hata harufu yake inamtia kichefuchefu. Mke wangu akasema kwa upole, si kwa ubaya, kwamba mama amezeeka sasa, mikono haioshi tena siagi kama zamani. Nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe cha chai. Nikanywa chai.

Akampigia mama simu, akamweleza kwa heshima zote. Nilisikia mama anaomba radhi, anasema mjukuu wake amsamehe, ni mikono yake.

Tangu hapo hakusuka tena maziwa. Jirani yake alipojifungua na kutuma mtu, alimrudisha, akasema asije akamdhuru mzazi wa watu. Hayo aliniambia yeye mwenyewe nilipompelekea mabati ya zizi, na mezani mbele yangu kulikuwa na mkate na siagi ya dukani. Nikausogeza mkate kando. Mimi ninayejisifu kwamba sijamdhulumu mtu hata kilo moja ya mpunga.

Nikamwambia, "Mama, siagi yako ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Nikamweleza yote, mpaka zile soda.

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Waliosema nimezeeka wako Same, mwanangu. Mimi unaniambia ya nini? Piga simu."

Nikapiga, akataka niweke sauti ya nje. Nilieleza upya, maneno yakizidi kuwa machache. Mke wangu akasema, "Kwa hiyo muda wote huu, baba, umeniacha namsema mama yako?" Akaomba kuongea na mama.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba mwanangu. Wewe ulidanganywa tu."

Walipomaliza nikamuuliza mama kama atasuka tena. Alitazama ng'ombe wake kwanza.

"Nitasuka," akasema. "Ila wewe hubebi."

Wiki iliyofuata mke wangu alipanda Gonja kuichukua. Nilimwambia gari lipo, dereva yupo. Akaenda kwa basi.