Trekta la Mama Neema

Kwa miaka mingi nimelipwa mshahara ili niwaambie wanafunzi wasiamini mambo ya namna hii, kwa hiyo ukicheka sitakulaumu. Lakini jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, shambani kwetu Olmotonyi, mchana, na sikuwa nimeonja kitu zaidi ya chai.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na trekta dogo la Kijapani, kuukuu, rangi imeshachunika. Alilipenda kuliko vitabu vyangu, na siku nyingine, nadhani, kuliko mwenye vitabu. Stata ilikufa zamani naye akagoma kuitengeneza. Aliliegesha juu ya shamba, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi anaondoa jiwe, anatia gia ya pili, linateremka, anaachia klachi, linakohoa, linawaka. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya plau nikiokota mawe. Aliniita Profesa, cheo ambacho chuo hakijawahi kunipa.

Alipofariki tulimzika hapo hapo, kando ya migomba. Trekta likakaa misimu miwili. Kisha shemeji yangu Lomayani, mdogo wa marehemu, akabadilisha oili, akasema ama tulime nalo ama tuliuze kabla halijaoza. Nikasema tuliwashe kama dada yake alivyokuwa akiliwasha. Nikapanda mwenyewe. Niliachia klachi mapema mno, magurudumu yakateleza kwenye tope, tukafika bondeni kimya kabisa, mimi na trekta.

Lomayani akateremka mpaka nilipokwama. "Shemeji, wewe ungebaki na vitabu tu." Akaenda kwa jirani kuazima maksai wa kutuvuta.

Ukungu wa Mlima Meru ulishuka mpaka nikawa siioni migomba. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti, nimeshika usukani kama mtoto anayecheza, niliposikia nyuma yangu:

"Shuka, Profesa. Umeachia mapema."

Sikuuliza ni nani. Wewe ungeuliza? Nilishuka. Akapanda, amejitanda kitenge kichwani, miguuni amevaa gambuti zangu za zamani zilizokuwa zikimpwaya. Injini ikawaka pale pale, kwenye tambarare. Na niamini, nilichowaza kwanza hakikuwa mzimu. Niliwaza kwamba mawe hayajaokotwa. Nikaingia nyuma ya plau, nikaanza kuokota.

Tukalima. Nilimweleza yote, nikipaza sauti kuishinda injini: kwamba Neema ameolewa, kwamba nyumba yetu ya mjini, Kijenge, haina sauti tena ila ya friji, kwamba bado napika chai ya watu wawili. Hakugeuka, lakini alikuwa akiinamisha kichwa kila nilipomaliza neno, kama zamani. Sikumbuki lini nimekuwa na furaha kiasi kile, tope mpaka magotini.

Halafu nikaona mvuke.

"Rejeta inachemka," alisema. "Zima."

Waya wa kuzimia injini ulikuwa upande wangu. Nilijua, usiniulize nilijuaje, kwamba injini ikinyamaza nitabaki peke yangu. Nikamwomba mstari mmoja tu zaidi. Hakubishana. Akakata kona, akalima, nami nikatembea ubavuni pake, mawe nimeyasahau, nikitafuta uso ndani ya kile kitenge. Mwisho wa mstari akasema polepole, "Baba Neema, unaniulia trekta."

Nikavuta waya.

Lomayani aliporudi na maksai alinikuta nimesimama kando ya kiti kitupu, rejeta ikipuliza. Aliitazama mistari mmoja mmoja, imenyooka kama imepigwa kamba. "Hii si yako, shemeji," alisema. Akavua kofia, akawaacha maksai wamesimama, akaenda peke yake kwenye migomba.

Tangu hapo tumeweka stata mpya. Trekta linawaka kwa ufunguo, popote lilipo. Kila Jumamosi napanda Olmotonyi kulima mistari iliyopinda, na hakuna anayeniita Profesa.

Kwa hiyo nakuonya: ukimkuta uliyemzika yuko kazini, fuata nyuma yake, okota mawe yako, na akikuambia zima, zima hapo hapo. Usinifuate mimi. Ule mstari wa ziada uliunguza gasketi na kupinda kichwa cha injini. Fundi aliniuliza ilikuwaje nisione mvuke wote ule, nikamjibu kulikuwa na ukungu. Mvuke niliuona. Na akija tena leo, nitamwomba mstari mwingine.